Kumfundisha mtoto kupambanua habari: njia nne, na zipi zinafaa darasa la Mombasa

Mwalimu wa sekondari msingi hapa Mombasa akitaka kuwafunza wanafunzi kutambua uzushi, hakosi pa kuanzia. Miongozo ni tele, ya kigeni na ya kwetu. Kazi ni kuchagua. Kipindi ni cha dakika 40, darasa lina watoto hamsini na ushei, simu iliyopo ni ya mwalimu na bando ni lake mwenyewe. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, lakini uzushi hauhitaji ruhusa ya mwalimu mkuu. Unawakuta nyumbani, kwenye grupu la familia, kwenye simu ya mama, kwenye ile sauti aliyotumiwa ami naye akaifungulia barazani kila mtu asikie.

Mtaala wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali na kufikiri kwa kina miongoni mwa umilisi saba wa msingi, kwa hivyo hakuna haja ya kuomba radhi kwa kufundisha jambo hili. Swali ni kwa njia gani. Hapa nalinganisha nne zinazotajwa sana, nikizipima kwa vifaa zinavyohitaji, vipindi zinavyokula, na kama zinaweza habari za Kiswahili zinazokuja kwa sauti na picha badala ya maandishi. Kipimo cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote: njia inamwachia mtoto nini? Anaondoka akijua kupambanua, au anaondoka na shaka ya kila kitu? Mtoto anayekataa kila habari bado hajafundishwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani ya Afrika Mashariki, onyo la Idara ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa lilikuwa la kweli, na mvuvi alihitaji kuliamini. Somo letu lazima limsaidie mtoto kuamini panapostahili, si kukanusha tu.

Karatasi ya maswali

Hii ndiyo iliyoenea zaidi. Mfano wake maarufu ni kipimo cha CRAAP, kilichotungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Chico. Mwanafunzi anapewa ukurasa wa habari na orodha ya maswali: habari ni ya lini, inahusu jambo ninalolitafuta, nani kaandika, ni sahihi, imeandikwa kwa nia gani. Anajibu moja moja, kisha anaamua.

Uzuri wake unaonekana mara moja. Unaandika maswali ubaoni, huhitaji intaneti, kusahihisha ni rahisi, na kipindi kimoja kinatosha. Mwalimu aliyechoka Alhamisi jioni anaweza kuifundisha. Naelewa kwa nini tunaipenda.

Kasoro yake imo ndani ya mifupa. Inamwambia mtoto aukodolee macho ukurasa, na ukurasa ni kazi ya mikono ya huyo huyo anayetaka kumdanganya. Chukua tangazo la kazi bandarini linalozunguka kwenye simu: lina nembo, lina muhuri, lina tarehe ya juzi, lina jina la ofisa na Kiswahili safi. Maswali yote matano linayapita bila kutoa jasho. Vivyo hivyo anwani za tovuti. Watoto wengi huambiwa kwamba anwani inayoishia na .org ni ya kuaminika, ilhali yeyote mwenye pesa kidogo anaweza kuinunua. Anwani ya .go.ke ni tofauti kwa sababu imetengewa taasisi za serikali, na hilo linafaa kufundishwa. Lakini ni kidokezo kimoja tu, wala hakitoshi kuitwa somo.

Kutoka nje ya ukurasa

Njia ya pili inamwambia mtoto kinyume chake: usikae hapo, toka ukaulize nje.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachunguza watu 45 wakiwa kwenye kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamifu, wahakiki wa habari 10 wanaofanya kazi hiyo kwa riziki, na wanafunzi 25 wa Stanford. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Katika zoezi moja walipewa tovuti mbili za madaktari wa watoto wa Marekani. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama kikuu cha fani hiyo. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa sababu ya msimamo wa kijamii. Majina yanafanana, kurasa zote ni nadhifu. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini wakisifu mpangilio na marejeleo, na wengi wa wanafunzi wakakiona kikundi kidogo ndicho cha kuaminika zaidi. Wahakiki hawakukaa. Waliufungua ukurasa mwingine upesi, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu watu hawa, wakafika kwenye jibu kwa muda mfupi kuliko wote.

Mike Caulfield, mwalimu wa Marekani, aliipanga tabia hiyo mwaka 2019 katika hatua nne ambazo mtoto wa Gredi 7 anaweza kuzishika: simama kwanza, mchunguze aliyeleta habari, tafuta taarifa bora zaidi ya jambo lilo hilo, fuata dai hadi chimbuko lake.

Ukiziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, tofauti inaonekana kwa mfano mmoja. Tangazo linasema wanatafutwa wafanyakazi wa kwenda Qatar, nafasi ni chache, tuma ada ya fomu leo. Kwa karatasi ya maswali, watoto watajadiliana nusu saa kuhusu hijai na nembo. Kwa kutoka nje, wanauliza jambo moja: wakala huyu anajulikana na nani? Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, inasajili mawakala wa ajira na kuweka orodha yao kwenye tovuti yake. Mwalimu anaandika jina kwenye simu yake mbele ya darasa. Limo au halimo. Likiwemo, hatua inayofuata ni kupiga nambari iliyopatikana kwa njia nyingine, si ile iliyo kwenye tangazo, kwa sababu matapeli huazima majina ya watu halali. Katika mji huu, ambao familia nyingi zina dada au binamu Ghuba, au zina anayetafuta kwenda, somo hili linaweza kuokoa pesa za nyumba nzima. Sijui somo jingine la dakika 40 lenye faida ya karibu namna hiyo.

Udhaifu wake unajulikana: linataka intaneti. Lakini halitaki simu hamsini. Mwalimu anaweza kupiga skrinshoti za ukurasa wa kwanza wa matokeo ya utafutaji, akazichapisha, akazigawa kwa makundi na kuuliza: mngefungua lipi kwanza, na kwa nini? Kusoma orodha ya matokeo kabla ya kubonyeza ndiyo sehemu ngumu ya ujuzi wenyewe, na karatasi inatosha kuifundishia. Vishikwambi vya serikali vikiwa shuleni kwenu na vinawaka, vitumieni, visipokuwepo, msingoje.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi kwetu, na miongozo ya kigeni haiugusi sana. Uzushi wa Mombasa mara nyingi ni sauti. Hakuna maneno ya kunakili, hakuna tovuti, kuna mtu anayesema kwa hofu kwamba ameambiwa na rafiki yake anayefanya kazi palepale. Njia ya kutoka nje ya ukurasa haina ukurasa wa kutokea. Dawa yake ni hatua ya ziada: darasa linaigeuza sauti iwe sentensi moja ubaoni yenye nani, nini, wapi na lini. Kwa mfano: feri ya Likoni itafungwa kuanzia Jumatatu. Jumatatu ipi? Kasema nani? Sauti nyingi zinakwama hapo, kwa sababu zikivuliwa hofu hazibaki na kitu cha kuandikwa. Zinazobaki na kitu, tunauliza ni nani angekuwa wa kwanza kujua. Kwa feri ni Mamlaka ya Bandari, KPA, inayoisimamia. Hapo ndipo pa kutazama, pamoja na vituo vya redio vya hapa mjini.

Msidharau hofu yenyewe mnapofundisha mfano huu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafariki. Kuna watoto darasani mwenu ambao nyumbani kwao jambo hilo bado lina majina. Uzushi wa feri unakimbia kwa sababu umepanda juu ya kumbukumbu ya kweli, na watoto wanafaa kulielewa hilo badala ya kuambiwa kwamba wazazi wao ni wepesi wa kuamini.

Njia hii ina mizizi hapa hapa, na hilo ndilo linalonifanya niipende kuliko nyingine. Mtoto wa madrasa anajua tangu udogo kwamba hadithi huja na sanad yake: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani, na kiungo kikikatika au msimulizi akiwa si mwaminifu, hadithi hushuka daraja. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inawaamuru waumini kuipeleleza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika wasije wakawadhuru watu bila kujua. Mwenzake aliyelelewa kanisani ana Methali 18:17, inayosema kwamba anayejieleza mwanzo huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Katika darasa letu la mchanganyiko zitajwe zote mbili, kwa ufupi, na kipindi cha PPI, kile cha mafunzo ya dini shuleni, kinaweza kuziendeleza kila upande. Kisha waonyeshe mishale miwili ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi: maana yake umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Sanad ndefu, isiyo na jina hata moja.

Masomo ya madai

Njia ya tatu haianzi na aliyeleta habari. Inaanza na dai: likitolewa dai kwamba kitu fulani kinaponya au kinadhuru, tungejuaje kama ni kweli?

Ushahidi wake ndio wenye nguvu zaidi, na unatoka kwa jirani. Nchini Uganda, watafiti wakiwemo Allen Nsangi na Daniel Semakula waliandaa kitabu cha picha na vipindi tisa vya dakika 80, wakavijaribu katika shule za msingi 120 zenye wanafunzi zaidi ya 10,000. Shule ziligawanywa kwa kura, nusu zikapata masomo na nusu zikaendelea kama kawaida. Katika matokeo yaliyochapishwa 2017, asilimia 69 ya waliofundishwa walipita mtihani, dhidi ya asilimia 27 ya wasiofundishwa, na mwaka mmoja baadaye pengo bado lilikuwepo. Mradi ukahamia shule za upili za Uganda, Rwanda na Kenya, kwa upande wetu Kisumu, kwa vipindi 10, na hapo pia waliofundishwa waliwapita wenzao. Walimu walikuwa wa kawaida, waliopewa mafunzo mafupi. Chaki ilitosha.

Mfano wa kwetu hauko mbali. Jirani alikuwa na homa, akanywa mwarobaini, akapona. Je, mwarobaini ndio uliomponya? Angepona bila kunywa? Wapo waliokunywa wasipone, na mbona habari zao hazisambazwi? Tunalinganisha na nani? Darasa likizoea maswali haya kwa mwarobaini, litayauliza kwa kidonge cha kupunguza unene na kwa sauti ya kukanya chanjo. Na kwa kuwa dai lina umbo lile lile katika lugha yoyote, maswali yanafanya kazi kwa sauti ya Kigiriama au Kidigo, mahali ambapo kutafuta mtandaoni hakuzai chochote.

Jiandae kwa pingamizi. Mtoto mmoja atasema watu wengi wanalisema, na lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwache alitetee. Methali hiyo ni ya wazee wetu na haifai kupuuzwa na mwalimu wa Kiswahili. Basi mpe mwingine nafasi ajibu kwamba akili za kuambiwa changanya na zako, na mjadala upande. Nusu kipindi kikienda hapo, hakikupotea.

Mipaka yake: mradi ule ulihusu madai ya afya tu. Haukuwafundisha watoto picha ya zamani iliyopewa maelezo mapya, wala tangazo la wakala bandia, wala klipu iliyokatwa katikati ya hotuba. Na vipindi tisa vya dakika 80 ni karibu muhula mzima wa vipindi vyetu. Hakuna mkuu wa shule ninayemjua atakayevitoa.

Mchezo wa kutunga uzushi

Njia ya nne inafurahisha, na watoto wataikumbuka. Inatokana na wazo la mwanasaikolojia William McGuire wa miaka ya 1960: kama chanjo inavyouzoesha mwili kwa dozi dhaifu ya ugonjwa, ndivyo akili inavyoweza kuzoezwa kwa dozi dhaifu ya uongo. Jon Roozenbeek na Sander van der Linden wa Cambridge waliligeuza wazo hilo kuwa mchezo wa mtandaoni, Bad News, mwaka 2018. Mchezaji anakuwa mzushi, anajifunza kujifanya mtu mwingine, kuchochea hisia, kugawanya watu, kubuni njama. Wameujaribu pia bila kompyuta, kwa makundi darasani, katika shule ya Uholanzi. Kwa hivyo ukosefu wa vifaa si kizuizi.

Nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, mwaka 2023 Ariana Modirrousta-Galian na Philip Higham walichambua upya data za michezo ya aina hii na kuona kwamba wachezaji walielekea kukiita kila kitu uongo, hata habari za kweli, badala ya kupambanua vizuri zaidi. Hiyo ndiyo shaka ya jumla niliyoitaja mwanzo. Pili, karatasi ya uzushi uliotungwa vizuri na mtoto wa Gredi 8 inaweza kupigwa picha na kufika Kisauni nzima kabla ya kengele ya saa kumi. Ukiamua kuutumia mchezo, weka mji wa kubuni, usiruhusu majina ya watu, makabila, dini wala mitaa ya kweli, na ukusanye karatasi zote kabla hujatoka.

Basi uchague ipi

Ukiwa na kipindi kimoja tu kwa muhula, fundisha kutoka nje ya ukurasa kwa mfano wa wakala wa ajira. Usipoteze kipindi hicho kwa karatasi ya maswali.

Ukiwa na Gredi 4 hadi 6, anza na madai. Watoto wa umri huo hawana la kutafuta mtandaoni, lakini wanasikia kila kinachosemwa jikoni na barazani. Chagua maswali matatu: anajuaje, tunalinganisha na nini, na wasiopona wako wapi. Somo la Sayansi linabeba hayo bila kulazimishwa.

Ukiwa na Gredi 7 hadi 9 na unaweza kupata vipindi vinne au vitano, changanya: viwili vya madai, vilivyobaki vya kutoka nje, kimojawapo kiwe cha sauti. Somo la Kiswahili lina sehemu ya kusikiliza na kuzungumza, na kuigeuza sauti ya dakika tatu iwe sentensi moja yenye nani na lini ni zoezi la ufahamu wa kusikiliza kwa kila hali. Mchezo nauweka kwa sekondari ya juu, baada ya hayo mengine, si kabla.

Kuhusu picha za akili unde, sipendekezi kipindi cha kuhesabu vidole na kutafuta macho yaliyopinda. Machi 2023 picha ya namna hiyo ya Papa Francis akiwa amevaa koti jeupe la kifahari ilizunguka dunia nzima, na programu za kutengeneza picha zimeboreka mno tangu hapo. Kasoro unazozifundisha leo zitakuwa zimerekebishwa mtoto akifika Gredi ya juu. Swali la nani kaileta kwanza na wapi kwingine imeripotiwa halitaharibika. Utafutaji wa picha kwa Google Lens, kwenye simu ya mwalimu, unaweza kumwonyesha mtoto kwa haraka picha imewahi kutokea wapi, na PesaCheck, shirika la kuhakiki habari, huchapisha baadhi ya uhakiki wake kwa Kiswahili, jambo linalosaidia sana wanafunzi wasiosoma Kiingereza kwa wepesi.

Lolote utakalochagua, tenga muda wa kuzungumzia nyumbani. Mtoto aliyefundishwa vizuri atarudi na kumkuta nyanya yake ametuma kwenye grupu ujumbe usio wa kweli. Akimkosoa mbele ya ukoo mzima, amevunja heshima, na nyanya hatamsikiliza tena, wala ami hatakubali kwamba shule inafunza mema. Mazoezi ya kuigiza yanasaidia hapa. Mtoto anajifunza kwenda kwake faraghani na kusema: shikamoo nyanya, ule ujumbe niliuona, nikautafuta nijue zaidi, nikapata hivi, tusome pamoja? Kisha nyanya mwenyewe ndiye anayeufuta. Katika njia zote nne sijaona iliyopanga hatua hii, na kwa watoto wetu ndiyo itakayoamua kama somo litavuka lango la shule.

Na ukifika wakati wa kupima, usiwape habari kumi za uongo wazigundue. Watakaojibu uongo kwa zote watapata alama zote, nawe utadhani umefaulu. Weka tano za kweli na tano za uongo, zichanganywe, na katika zile za kweli ziwemo mbili zinazoshangaza, kwa mfano onyo halisi la hali ya hewa lenye lugha ya kutisha. Mpe mtoto alama moja kwa jibu na mbili kwa kueleza alitoka kwenda wapi kulitafuta.